Ghorofa ya Baiskeli

Baiskeli ya Alute iliibwa Jumanne alasiri, Agosti 1974, mbele ya duka la Ladha mjini Singida. Ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo ya baraza. Kwenye benchi kando ya nguzo hiyo walikaa watu wanaokaa hapo kila siku: Gaspari, anayeitwa Dasalama kwa sababu aliwahi kuishi Dar es Salaam na hajamaliza kusimulia, Antipasi, fundi cherehani anayeitwa Redio, na Mzee Melkiori, balozi wa nyumba kumi, ambaye nafasi yake ndiyo iliyo jirani kabisa na nguzo. Hakuna aliyeona kitu. Alhamisi walikuwa palepale, birika la Mama Damari, muuza kahawa, likiwa juu ya makaa, Alute akiwa amejiinamia. Jumamosi alitakiwa afike Ilongero kwa baba yake Theodora, msichana anayemchumbia, na baba huyo alikubali kumwona baada ya kusikia kuwa kijana ana baiskeli.

— Mzee Melkiori, — alianza Redio, — kile kibali changu cha ngoma...

— Hapa nakunywa kahawa, Redio. Shida ya balozi iletwe nyumbani kwa balozi.

— Lakini si wewe huyuhuyu?

— Hapa mimi ni mnywa kahawa.

— Acheni ngoma, — alisema Dasalama. — Kuna mtu hapa anakaribia kukosa mke. Alute, mdogo wangu, kesi yako imeizidi Singida. Hiyo ni ya makachero wa Dar es Salaam.

— Wataijuaje baiskeli yangu, kaka?

— Kule kazi imegawanywa, bwana. Kachero wa mauaji ni wa mauaji tu. Hata ukimvua saa mkononi hakutazami. Si kitengo chake.

— Saa yake mwenyewe?

— Atapanda ghorofa ya saa akaripoti kama wewe na mimi.

— Kuna ghorofa ya saa?

— Kila mali na ghorofa yake. Chini kabisa wanapokelewa wanaolia. Ukipanda, saa na redio. Ukipanda tena, ng'ombe.

Ladha alichomoza kichwa juu ya kaunta.

— Ng'ombe anapandaje ghorofani, Dasalama?

— Ng'ombe hapandi, Ladha. Linapanda jalada lake.

— Na baiskeli? — aliuliza Alute.

— Juu kabisa. Mlango kwa mlango na mkuu wao.

— Kwa nini juu?

— Kuna upepo. Mpira haupendi joto.

Alute alinyanyua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike.

— Umeruka kitengo cha pua, — alisema Redio.

— Cha mbwa, unataka kusema.

— Mbwa ananusa, sawa. Nani anaandika alichonusa? Lazima yuko karani wa mbwa. Mbwa ni sajini, karani ni koplo. Kila asubuhi karani anakakamaa: shikamoo, afande!

— Na mbwa anaitikia?

— Kwa mkia.

Mama Damari alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye makaa.

— Huyo sajini, — alisema Alute, — akinusa tandiko la baiskeli yangu atamfuata mwizi?

— Moja kwa moja! Tandiko liko wapi?

— Limeondoka na baiskeli.

Redio alifikiri kidogo.

— Hapo umempa sajini kazi.

Dasalama alisogea, akashusha sauti.

— Hivyo vyote ni vitengo vya kuonekana. Kipo kimoja hakina ghorofa. Makachero wake wanatawanywa mikoani. Wanavaa kama sisi, wanakaa kwenye mabenchi, wanakunywa kahawa mwaka mzima. Wanasikiliza tu.

Redio alimtazama Dasalama. Dasalama alimtazama Ladha. Kisha wote watatu walimtazama Mzee Melkiori.

— Mzee, mbona wewe huwa huongei sana? — aliuliza Dasalama.

— Nakunywa kahawa.

— Mnamsikia? Ndivyo wanavyofundishwa kusema!

— Kachero gani huyo, — alidakia Mama Damari, — anayesinzia baiskeli ikiondoka ubavuni pake?

— Sikusinzia, mama. Nilifumba macho.

— Ulikoroma.

— Basi nilikoroma. Kukoroma si kulala.

Dasalama alirudi kwenye jambo lake. Yeye na Alute wapande gari asubuhi mpaka Manyoni, wadake treni, washuke Dar es Salaam. Mlinzi wa getini anamfahamu. Pale getini mtu husema neno moja tu, "baiskeli", na anapelekwa juu.

— Na Jumamosi? — aliuliza Alute.

— Jumamosi tutakuwa njiani.

— Wazee wa Theodora wataningoja.

— Lakini utakuwa na kesi kubwa, mdogo wangu! Mkwe gani hataki mtu mwenye kesi Dar es Salaam?

— Huyu wangu, — alisema Alute.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kaunta na chupa ya mafuta ya taa. Ni Anastazia, mwalimu aliyehamia mtaa huo mwezi huo. Ladha alikuwa anajaza chupa taratibu ili asipitwe na mazungumzo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwalimu.

— Samahani, nimesikia habari za baiskeli. Ndugu yangu, ulipotoa taarifa kwa balozi wako, alisemaje?

Mzee Melkiori alitazama ndani ya kikombe chake.

— Balozi alikuwepo, — alisema Alute hatimaye.

— Wapi?

— Hapa. Alikuwa karibu kuliko sote.

— Nimeuliza alisemaje.

— Sikuletewa taarifa, — alisema Mzee Melkiori polepole. — Shida ya balozi...

— ...iletwe nyumbani kwa balozi! — benchi lilimalizia.

Mama Damari aliinamisha birika. Yalitoka mashapo matupu. Mzee Melkiori aliweka kikombe chini, akasimama, akasema anatangulia nyumbani ili akutwe. Alimwomba Alute angoje kidogo, mpaka yeye awe ameshaketi.

Saa kumi na moja jioni Alute alipiga hodi. Benchi lote lilikuwa nyuma yake, Ladha pia, duka likiwa limefungwa. Mzee Melkiori aliwakaribisha, akampa Alute kigoda, akamuuliza kwa nini alikaa tangu Jumanne bila kutoa taarifa kwa balozi. Kisha akamuuliza ni nani aliyekuwa karibu na baiskeli ilipoibwa.

Alute alimtaja yeye.

Mzee Melkiori aliinuka, akaingia chumbani, akatoka anakokota baiskeli yake mwenyewe.

Baiskeli iliyoibwa haijapatikana. Jumamosi asubuhi Alute alipita mbele ya duka la Ladha akielekea Ilongero, juu ya baiskeli ya balozi.