Gauni Jekundu la Ukurasa wa Kati

Mtu mzima akificha kitu ndani ya shati, watu hudhani ni bahasha. Mimi siku ile nilikuwa nimeficha karatasi sitini, nikatoka chumba cha kuchapia nikitembea kiubavu kama kaa, na sijafika hata kwenye benchi letu la kona, hatua kumi tu, Mama Kahawa akapaza sauti:

— Hongera, Mjomba! Miezi mingapi?

Benchi zima likaangua kicheko. Nami, kwa ujinga wangu, nikacheka nao, nikainama, karatasi zikaporomoka hadi miguuni mwa Fundi Viatu. Nilipofungua shati, fulana yangu nyeupe ilikuwa na mistari ya bluu na madoa mekundu, maana wino wa mashine ile haukauki upesi.

— Umefanya nini? akauliza Fundi Viatu, akiokota karatasi moja kwa ncha za vidole.

— Nimesaidia.

— Umesaidia nini?

— Kuharibu.

Karatasi zilikuwa za mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Ana mashine ya riso, kuukuu, aliyoinunua kwenye shule iliyofungwa. Ukiitazama utadhani ni ya fotokopi, ila yenyewe hupiga rangi moja kwa safari moja. Bluu kwanza, karatasi zipumzike, kisha unabadilisha silinda ya wino na kuzirudisha zikapigwe nyekundu. Kesho yake asubuhi alikuwa na meza kwenye maonyesho ya vitabu, meza aliyoiomba miaka miwili, na juu yake kingekaa kitabu chake cha kwanza cha katuni, nakala sitini. Kinamhusu mama yake.

Ukurasa wa kati ndio moyo wa kitabu. Dada yangu, aliyewashonea watu nguo miaka thelathini, amesimama mbele ya kioo ndani ya gauni la kwanza alilojishonea mwenyewe. Bluu inachora mistari, nyekundu inajaza gauni. Mimi nikazirudisha karatasi kichwa chini. Kwa hiyo dada yangu amesimama pale chini mtupu wa rangi, mistari tu, na gauni lake linaelea darini, pindo juu, shingo chini.

— Zote sitini? akauliza Waziri. Huyu hajawahi kushika wizara yoyote, ila ana maoni juu ya kila wizara.

— Zote.

— Hukupiga moja kwanza ukaitazama?

— Aliniagiza hivyo hivyo. Piga moja, tazama, ndipo upige zilizobaki. Nikamjibu asinifundishe, mimi nimeona mitambo ya magazeti katika miji mitatu ya bandari.

— Uliiona ukifanya kazi gani?

— Ukipita barabarani, unaiona dirishani.

Mama Kahawa akanimiminia kikombe bila kuombwa. Kikombe cha pole.

— Na yeye anajua?

— Yuko chumba cha nyuma anakunja kurasa nyingine na kuandaa cherehani ya mama yake ya kushonea migongo. Nimetoka nipate maneno ya kumwambia.

Hapo benchi likakaa sawa. Kwa maneno, hapo ndipo pake.

— Sikiliza, akasema Waziri. Hakuna kilichoharibika. Hiyo ni sanaa. Gauni linaota ndoto ya kuvaliwa.

— Acha hizo! Fundi Viatu akaichukua ile karatasi. Mimi nina kisu cha ngozi. Tunayakata magauni yote sitini, tunayageuza, tunayabandika kwa gundi yangu. Gundi hii hata mvua haiiwezi.

— Kitabu kitanuka kandambili, akasema Mama Kahawa.

— Kitanuka kazi!

— Mie naona msomaji ndiye ageuke. Akifika ukurasa wa kati, asimame kwa kichwa. Kila nakala itolewe na mto.

— Mama Kahawa, watu wazima watasimama kwa kichwa kwenye maonyesho?

— Wakipenda kusoma watasimama.

Waziri akainua kidole, dalili kwamba mambo yanataka kuwa makubwa.

— Tatizo hamkukitazama kioo. Kioo hugeuza vitu, au uongo? Hapa kwetu kinageuza kushoto kulia. Nchi nyingine kinageuza juu chini. Mjomba amesafiri, atakuwa shahidi.

— Mimi?

— Si umeona miji mitatu?

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kukumbuka kioo cha namna hiyo, katika hoteli moja, karibu na ngazi. Nikaeleza na fremu yake.

— Umeona! Waziri akapiga paja. Tena nawaambia zaidi. Gauni limegoma. Miaka thelathini linasubiri zamu yake huku wengine wanavalishwa. Siku ya siku likasema, basi, natangulia mwenyewe. Hiyo tuiandike pembeni kwa kalamu, nakala zote sitini, na watu watalia machozi.

— Gauni limegoma, akarudia Fundi Viatu, taratibu, kama anayepima soli. Hiyo imekaa vizuri.

Nami nikaiona imekaa vizuri. Nikaanza hata kuifanyia mazoezi mdomoni: mpwa wangu, unajua, gauni hili limegoma.

Mama Kahawa alikuwa ameshika karatasi moja. Akaifuta ukingo kwa kanga.

— Marehemu alinishonea nguo ya harusi ya mwanangu, akasema. Mkono mmoja ukatoka mfupi, kidogo tu, mimi mwenyewe sikuona. Nikamwambia niachie hivyo hivyo. Akaninyang'anya, akafumua bega zima mbele yangu. Hakuwahi kutoa nguo yenye kosa mlangoni kwake. Leo nyinyi mnataka kumpeleka maonyesho hajavaa?

Waziri alikunja kidole chake, akakirudisha mfukoni.

— Wino haufumuliwi, nikasema.

— Najua.

— Basi naingia kumwambia.

— Bila maelezo yoyote? akauliza Waziri.

— Bila.

Nikasema hivyo, kisha nikaomba kikombe cha pili. Nilikuwa bado nimekaa alipofika dada mmoja, mgeni kwetu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mshipi umekatika. Akampa Fundi Viatu kiatu, akazitazama karatasi, akatutazama sisi, akasikiliza kidogo habari yetu kutoka kwa watu watatu kwa mpigo.

— Samahani, akasema. Duka la karatasi linafungwa saa ngapi?

Tukatazamana. Tulikuwa na vioo vya ng'ambo na migomo ya magauni, ila saa ya duka lililo mtaa wa pili hakuna aliyekuwa nayo.

— Saa kumi na moja.

Sauti ilitoka nyuma yetu. Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni, uzi umening'inia begani, mikono imejaa bluu. Sikujua amesimama hapo tangu lini, na sikuthubutu kuuliza. Akaja, akampokea Mama Kahawa ile karatasi, akaitazama, akaikunja mara mbili.

— Sasa ni kumi na nusu, akasema. Nikipata karatasi leo, bluu napiga jioni, nyekundu napiga alfajiri, mwenyewe.

— Mpwa wangu, ngoja kwanza nikueleze ilivyokuwa...

— Utanieleza ukirudi. Kimbia.