Fundi Viti na Macho Tuliyoyafumba

Ndugu waombolezaji, mtuwie radhi karatasi hii ikisomwa kwa kusitasita, maana anayeisoma ni mdogo wa marehemu, na mpaka saa hii haamini.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Viti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1968 hadi 1974, akajulikana zaidi kwa kuruka ukuta kuliko kwa hesabu. Mwaka 1979 aliingia karakana ya kuchomelea vyuma, na tarehe 6 Septemba 1986 akamwoa mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 21 Agosti 1998 alianguka kutoka paa la ghala, akakatwa mguu wa kulia, akajifungia ndani, mkali kama pilipili, mpaka mtaalamu wa viungo alipomfundisha yoga ya kitini, kuvuta pumzi, kunyoosha mgongo, kuinua kinachoinuka na kutokigombeza kisichoinuka. Usingizi ukarudi, kicheko kikarudi, naye akaanza kufundisha wengine kila Jumamosi karakanani, akimchomelea kila mmoja kiti cha kipimo chake, awe mnene, kipofu, mjamzito, au yule bibi wa miaka themanini na mmoja mwenye mkongojo. Mdogo wake, aliyepooza mkono wa kushoto kwa kiharusi, alikataa miaka minne, akidai hayo ni mambo ya wazima, lakini kiti chake kilichomelewa hata hivyo, kikamngoja mstari wa mbele, na Juni mwaka huu akakikalia, kwa kuchoka kutaniwa.

Sehemu ya ugonjwa tumeiacha wazi, kwa sababu hakuugua. Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025 alituambia, kama kawaida, tufumbe macho tupumzike, asifumbue mtu mpaka aseme, nasi tukatii robo saa, kisha nusu saa, tukidhani leo fundi katuhurumia. Mdogo wake ndiye aliyechungulia kwanza, kwa sababu kidole gumba cha mkono wake uliopooza kilikuwa kimecheza, na hakuweza tena kukaa na habari hiyo. Marehemu alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, moyo umesimama.

Tunawashukuru madaktari, waliotupokea ingawa hatukuwaachia kazi ya kufanya, majirani waliolala nasi sebuleni, na mafundi wenzake waliokibeba kila kiti kutoka karakanani ili wanafunzi wake wakae hapa leo.

Kaka, hukusema tufumbue, tumefumbua wenyewe. Kidole kilicheza. Pumzika kwa amani.