Karibu Kundini, Betri Imeisha

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani kati ya kibanda cha fundi saa na chumba cha kinyozi, mahali ambapo kivuli hukaa mpaka saa nne asubuhi kisha kinahama bila kuaga. Kinyozi hukaa upande wa mlango wake ili mteja asimpite. Katibu, mzee aliyestaafu kazi ya masijala na bado anatembea na kalamu mbili mfukoni, hukaa katikati. Mama Kahawa ana kigoda chake na birika lake. Fundi Saa mwenyewe haketi benchini, huchangia mazungumzo kupitia dirisha, lenzi jichoni, saa ya mtu ikiwa imefunuliwa tumbo mbele yake. Ila asubuhi hiyo hakuwa amegusa hata saa moja. Alikuwa ameshika simu kama mtu aliyeletewa barua mbaya. Miaka mitatu nyuma mkewe alipatwa na kiharusi, kikamchukua mkono wa kulia na maneno yote. Fundi alipochoka kujiuliza maswali peke yake, alifungua kundi kwenye simu la watu wanaouguza ndugu wenye kiharusi. Sasa lilikuwa na watu mia mbili na zaidi, na mmoja wao ndiye aliyemkosesha raha.

— Ametoka, alisema Fundi.

— Nani katoka? aliuliza Kinyozi.

— Mgeni. Aliingia kundini juzi, akaandika, "Habari zenu, naomba kuuliza." Kimya. Mimi simu nilikuwa nimeifungia kwenye droo, nimebanwa na saa ya ukutani ya watu wa shule. Leo nafungua, naambiwa ametoka.

— Atarudi, Mama Kahawa alimpoza.

— Mtu apige hodi siku mbili, ndani watu mia mbili, asiitikiwe? Harudi huyo, Mama.

Hapo wakamsogelea dirishani, kwa sababu Fundi si mtu wa kulalamika. Kisha akawaeleza alichoelekezwa na mpwa wake anayefanya kazi duka la simu: kuna mahali unabonyeza, unaandika maneno ya kumkaribisha mgeni, na kuanzia siku hiyo kila anayeingia anayapata palepale, na jina lake likiongezwa lenyewe, hata kama mwenye kundi kalala au yuko msalani. Kubonyeza alishabonyeza. Kilichobaki ni maneno.

— Maneno niachie mimi, alisema Katibu, akachomoa kalamu ya kwanza. Andika: "Ndugu mwanachama mpya, tafadhali rejea somo tajwa hapo juu."

— Hapo juu wapi? Kinyozi akamdaka. Juu hakuna kitu, mzee. Ndiyo kwanza anaingia!

— Basi tunaweka kanuni. Kumi na mbili. Ya kwanza, kusalimia. Ya pili, kutopitiliza kusalimia.

— Mtu baba yake kalala kitandani hajiwezi, wewe unampa kanuni kumi na mbili?

— Utaratibu ni dawa, kijana.

— Mimi naona mashine ifanye kazi yote, alisema Kinyozi. Ikaribishe, iulize hali, ijibu, itoe pole. Fundi abaki na saa zake.

— Na akija mgeni ambaye naye ni mashine? Katibu akainua kidole. Hujawaza hilo. Mashine yetu inasema karibu. Ya kwao inasema asante. Yetu inasema karibu tena. Ya kwao, asante tena. Wewe umelala, zenyewe zinakaribishana tu, mpaka minara ya mtandao inashika moto nchi nzima!

— Aisee.

— Nakwambia. Na hapo ndipo zitakapozoeana.

Mama Kahawa alicheka mpaka birika likayumba.

— Nyie mnamzungusha mwenzenu bure, alisema. Mimi mteja akifika simhutubii. Namwambia kaa hapa, nampa kikombe. Andika maneno mafupi, Fundi.

Fundi akaandika huku akiyasoma kwa sauti: "Karibu. Hapa sote tunauguza. Uliza chochote, hakuna swali la kijinga." Katibu aliguna kwamba hakuna hata tarehe, lakini hakupinga. Ili kujaribu, walimwomba Kinyozi atoke kundini na kuingia upya. Naye alikuwemo tangu siku ya kwanza, aliingizwa ili Fundi asiwe kundi la mtu mmoja. Akatoka, akaingia. Simu ya Fundi ikalia.

— Soma, soma!

— "Karibu, Betri Imeisha. Hapa sote tunauguza."

— Ndilo jina ulilojiandikishia? Katibu aliuliza. Mtu mzima?

— Niliweka siku betri ilipokuwa imeisha, nikasahau kubadilisha.

Walikuwa bado wanacheka simu ilipolia mara ya pili. Fundi alidhani ni Kinyozi tena. Hakuwa yeye. Alikuwa ameingia mtu anayejiita Mtoto wa Tano, na mashine ilishamkaribisha kwa jina hilo hilo, bila kukosea. Chini yake mgeni akawa ameandika. Fundi alisoma polepole:

— "Asante, sikutegemea kujibiwa haraka hivi. Baba amepatwa na kiharusi, jana tumerudi naye kutoka hospitali. Hasemi kitu, ananitazama tu. Nimuongeleshe, au nikimuongelesha namchosha?"

Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Mashine itamjibu, alisema Kinyozi, ila sauti yake haikuwa na uhakika.

— Mashine imeshamaliza ya kwake, alisema Fundi.

— Wewe si unajua? Kinyozi akamwambia. Umeuguza miaka mitatu.

Fundi aliandika maneno mawili, akayafuta. Akaandika mengine, akayafuta pia. Alikumbuka miezi ile ya mwanzo, alivyokuwa akiingia chumbani kwa kunyata, akimlisha mkewe bila neno, akiamini kwamba kimya ni mapumziko.

— Sijui, alisema. Sikuwahi kumuuliza.

Aliinuka, akapita pazia hadi chumba cha nyuma, ambako mkewe hukaa akipanga mikanda ya saa kwa ukubwa kwa mkono wa kushoto. Siku hizi maneno yalikuwa yamemrudia, ila moja moja. Fundi akachuchumaa mbele yake, akamsomea ule ujumbe.

— Mama watoto, wakati ule ulitaka niongee au ninyamaze?

Mkewe aliweka mkanda chini. Midomo ikaanza kutafuta njia.

— Ulinyamaza, alisema.

— Nilidhani umelala.

— Sikulala. Akavuta pumzi. Nili... nilidhani umenikasirikia.

 Fundi akaushika ule mkono wa kulia uliopooza, akaubana kama ungeweza kuhisi.

— Nisamehe, mke wangu.

— Yalishapita. Mwambie aongee.

— Hata kama baba yake hajibu?

— Anajibu, alisema mkewe. Ndani.

Badala ya kuandika, Fundi alimwekea simu mdomoni ajirekodi mwenyewe. Ilichukua karibu dakika nzima: "Karibu, mwanangu. Mwongeleshe baba. Polepole. Anasikia." Kisha jambo ambalo halikuwahi kutokea: mkewe akaomba kutoka nje. Akatoka akimwegemea Fundi hatua kwa hatua, Katibu akasogea, Kinyozi akafuta ubao kwa taulo lake safi, na Mama Kahawa akamjazia kikombe nusu ili kisimwagike mkononi.

Simu ikalia. Fundi alisoma:

— "Aliyeongea ni mgonjwa mwenyewe?"

Akajibu kwamba ndiyo, ni mkewe, na mwaka wa kwanza hakusema hata neno moja. Jibu likarudi: "Kumbe inawezekana." Halafu jingine: "Nimevuta kiti karibu yake. Nianze na nini?"

— Amwambie tarehe, alisema Katibu. Mgonjwa hupotelewa na siku.

— Mpira! alisema Kinyozi. Amwambie nani kafungwa.

— Amwambie nani kaoa na nani kaachika, alisema Mama Kahawa. Hakuna mwanadamu atakayelala hapo.

Wakabishana hivyo, kila mtu na lake, mpaka mke wa Fundi alipoinua mkono wa kushoto. Wote wakamgeukia.

— Huyu mtoto, alisema. Anaitwa nani?

Walitazamana. Mashine ilikuwa imemwita Mtoto wa Tano, na wao wakamwita hivyo hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza. Fundi aliinama juu ya simu, akaandika kwa kidole kimoja: "Mwanangu, tusamehe. Jina lako nani?"

Chini ya maneno hayo kikatokea kile kialama kidogo kinachoonyesha kwamba mtu anaandika, na benchi zima likainama kukitazama.