Mama Yuko Wapi

Sogeeni, wanangu. Wewe Kabure, mwanangu wa kwanza, kaa hapa mbele nikuone uso. Na wewe Thelani, mdogo wake, niinulie mto kidogo, kisha uache mlango wazi, maana ninayosema leo sitaki yabaki ndani ya nyumba. Sikilizeni mpaka mwisho, hata kama maneno yatawachoma.

Mali yangu si nyingi na haina fumbo. Shamba la bondeni ni la Kabure, kwa sababu ndiye aliyelipalilia. Mbuzi wote ni wa Thelani, pamoja na yule beberu mkorofi. Msimchinje kwenye matanga yangu, nyama yake ni ngumu kama tabia yake. Jiwe la kusagia lina ufa, lakini halijawahi kututilia mchanga kwenye unga, basi msiligawe, kila mtu aje asage. Imebaki mbeleko, na hiyo ndiyo iliyonifanya niwaite.

Habari yake mmeisikia kila Siku ya Kuinuka. Mlima Goru alikuwa mgeni. Alitoka mbali, akachoka, akakaa kupumzika katika nchi yetu, na wazee wetu badala ya kumletea maji wakajenga nyumba mapajani mwake, wakalima magotini, wakafunga mbuzi kwenye vidole vyake. Akanyamaza kwa adabu ya mgeni, kizazi hata kizazi, mpaka siku moja akakumbuka kwao. Akainuka aende. Pale alipokuwa amekalia palikuwa na moto, na moto ule ukala nchi nzima, na majivu yakalifunika jua hata majogoo wakasahau kuwika. Waliotoka ni ndugu wawili. Mmoja alimfunga mama yao mgongoni kwa mbeleko, naye ndiye aliyetuzaa sisi, Watu wa Mgongo. Mwingine alitoka na kibuyu cha mbegu za mtama, akawazaa majirani zetu, Watu wa Kibuyu. Ndiyo maana kila mwaka tunawapigisha magoti kisimani, na mwenye mbeleko anawauliza, "Mama yuko wapi?" nao wanajibu, "Tulimwacha." Kisha tunarudi nyumbani kula mtama uliotokana na kibuyu chao.

Swali hilo nimeliuliza mimi tangu mama mkwe wangu aliponirithisha mbeleko. Niliuliza kama nilivyofundishwa, na watoto wetu wakalirudia njiani kwa kicheko kila walipokutana na mtoto wa Kibuyu.

Halafu mvua zilizopita ardhi ikatetemeka. Watu wakasema Goru amejigeuza huko alikolala. Mimi nilichojua ni kwamba paa linashuka na moto wa jikoni umeshika nyasi. Kabure akaja mbio, mikono ameinyoosha anibebe. Usiinamishe kichwa, mwanangu. Leo watu wasikie nilichokuambia, maana wewe umekinyamazia. Nilikuambia, "Niache. Ghala linawaka. Toa mbegu." Ukasimama kama mti. Nikakuita mjinga, nikakutupia mwiko. Ndipo ukaenda, huku unalia, na mtama mnaouona shambani sasa umetoka katika mbegu ulizookoa. Na mimi nilitolewa na nani? Na Dumeko, kijana wa Kibuyu, aliyekuwa akipita na kuni zake. Akazitupa, akaingia, akanitia mgongoni bila kuomba ruhusa. Nikamwambia aniweke chini, nitamchoma kwa mifupa yangu. Akasema, "Tulia, bibi, unanikaba koo."

Tangu siku hiyo watu wanakutania, Kabure, kwamba umehamia kwa Watu wa Kibuyu. Nawe badala ya kuwajibu umemchukia Dumeko. Alipokuja kunijulia hali ukamfungia mlango, ukamkataza Thelani hata kuitikia salamu yake. Hakukukosea neno. Ila kila mkipishana unadhani macho yake yanakuuliza, "Mama yuko wapi?"

Nikiwa nimelala hapa nimemfikiria sana yule mama wa kwanza. Hadithi haikumpa hata neno moja. Wanawe wanabeba, wanaacha, yeye kimya kama mzigo. Lakini mimi nimezaa, na nimekuwa ndani ya moto, nami nasema alikuwa na mdomo. Alimwambia mmoja, "Nibebe," akamwambia mwingine, "Beba mbegu." Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nami naongeza kwamba mgongo mmoja hautoi nyumba nzima motoni. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Aliyeona hayupo. Lakini najua mama husema nini paa linaposhuka.

Basi shikeni agizo. Nikifa, msinibebe nyinyi. Kabure, nenda mwenyewe kwa Watu wa Kibuyu, uombe kwa heshima, Dumeko na ndugu zake waje wanibebe kwa mbeleko hii mpaka kaburini. Wewe utatangulia mbele yangu na kibuyu cha mbegu, uzimwage juu ya udongo wangu, na watu wakuone. Mkirudi, mbeleko aichukue Thelani. Siku ya Kuinuka ikifika aulize swali kama kawaida, maana mila haitupwi kama ganda. Ila wasipige magoti. Wajibu wakiwa wamesimama, na safari hii watakuwa na jibu jingine.

Maji, Thelani... Yatosha.

Mkono wako, Kabure. Una baridi, au ni wangu. Goru alale, asijigeuze katika zama zenu. Mtama uote. Migongo yenu isichoke... na atakayebebwa asione haya. Nimewasamehe, nanyi mnisamehe.

Nasikia hatua uani. Ni Dumeko, huja saa hizi, husimama pale... halafu huondoka. Mlango si uko wazi? Hapana, Thelani, wewe kaa.

Kabure. Mkaribishe wewe.