Aliyeuliza Upande wa Pili wa Ukuta

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkurugenzi wa utafiti wetu wa magonjwa ya kupumua, madaktari na wauguzi wenzangu, majirani zetu wa Dandora, na wewe Sista Koki Muthama, uliyeniambia jana, "Daktari Patrobas, usinililie mbele ya watu": hamjambo?

Sikumwahidi kitu.

Mwaka huu wa tisini na nane tunamuaga muuguzi anayestaafu, lakini mimi bado namwona yule wa tisini na nne, viatu vimejaa vumbi, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na shahada zangu, nikitafuta watu ambao pumzi huwakatika usingizini. Nikatunga fomu nzuri sana. Swali la kwanza: je, unakoroma? Wanaume mia mbili wakajibu hapana, nami nikaandika kwa furaha kwamba Dandora haina tatizo! Nani kati yenu amewahi kujisikia akikoroma? Sista Koki aliisoma ripoti ile akacheka mpaka akakaa chini.

"Daktari, umekosea mlango. Hapa uliza jirani."

Akaenda kubisha kwa Truphena, mama mboga aliyetenganishwa na Sylvance, dereva wa lori, kwa ukuta wa mbao tu. Alimkuta akifunga mizigo ahamie mtaa wa Lucky Summer. Kisa?

"Nimechoka na matusi ya huyu mwanaume. Akikoroma mimi nalala vizuri. Akinyamaza ndio naogopa. Nagonga ukuta na mwiko mpaka avute pumzi tena, halafu asubuhi ananitusi."

Miaka mitatu, ndugu zangu! Naye Sylvance alidhani mama wa watu analalamikia kelele.

Sista akamsihi abaki wiki moja. Akakesha naye nyuma ya ukuta ule, saa mkononi, akiandika kila kimya: sekunde ishirini, thelathini, hamsini. Karatasi ile ndiyo iliyouanzisha upya utafiti wetu, na ndiyo iliyompatia Sylvance mashine ya kusukuma hewa puani. Bila karatasi ile, na bila mwiko ule, leo tungekuwa tunamtaja kwa huzuni. Yuko pale, safu ya tatu. Akisinzia sasa, kosa ni la hotuba yangu.

Nakumbuka alivyokwenda kuomba msamaha na kilo mbili za sukari, akasimama mlangoni. Truphena aliipokea sukari, akamwambia, "Ingia basi, chai iko." Mizigo ikafunguliwa siku hiyohiyo.

Sista Koki, nakushukuru kwa kunicheka. Ungenionea haya kwa sababu ya shahada zangu, mtu angekufa. Sasa ripoti zangu atazisoma nani?

Ndugu wageni waalikwa, leo tusipige makofi. Truphena amekuja na mwiko wake. Akigonga meza, nasi sote tugonge viti vyetu, Sista asikie huko aendako kwamba bado tunapumua. Nawashukuru kwa masikio yenu.

Mama Truphena, gonga.