Uongo Niliandika juu ya Mama Mwaba

Citoyen Directeur, Munganga Mukubwa, bakubwa ba camp, batata na bamama bote, na weye Mama Mwaba, infirmière wetu, mwenye kutunza bagonjwa miaka makumi mbili na tatu, unayekaa pale mbele ukiangalia saa: salamu kwenu.

Mimi ni Yuma, wa atelier ya soudure, kule tunaungaka vyuma. Leo tunamusifu Mama Mwaba mbele arudie kwao Lukafu. Nitamusifu, lakini kwanza niseme uongo wangu, juu mpaka leo munaongea kwamba alitumisha bagonjwa salongo, ile kazi ya lazima ya camp, na munaongea vile sababu yangu.

Bibi yangu wa ndoa, Kulthumu, alipasuliwa kansere ya ziwa. Alipotoka ku hospitali, Mama Mwaba akamuambia atembee kila asubui. Akanielezea na mimi, polepole, kama vile unaelezea mutoto: "Tata Yuma, kutembea haiponyeshe kansere. Lakini mutu mwenye kulala siku yote, mishipa yake inachoka, damu inakwama mu miguu, mwili inakosa nguvu ya kupigana. Bamunganga bengine banajiuliza hata kama ugonjwa yenyewe inaendaka mbio zaidi. Bado habajue. Muache atembee."

Nilisikia? Nilisikia nini! Munajua vile tunafanyaka. Mugonjwa akiwa mu nyumba, tunatandika mikeka, tunajaza bantu mu lupango, na akisimama tu tunapiga kelele: "Lala, mama, lala!" Akitembea, bwana yake ni mutu mubaya. Basi siku moja ya mposho, mwisho ya juma, Kulthumu akaonekana ku barabara nyuma ya bantu ba salongo benye majembe, yeye mikono mitupu, pembeni ya Mama Mwaba. Kapya, mwenzangu wa kazi, akanichekea mu atelier mbele ya bote: "Ee Yuma, unatumisha mpaka mugonjwa? Utamuvalisha lini kofia ya kuchimbia mu mine?" Haya ikanikamata. Nikaandikia mukubwa wa camp: infirmière analazimisha bibi yangu kulima. Nilijua hakushika jembe! Nikaandika tu.

Bakamutoa Mama Mwaba ku bagonjwa miezi sita, bakamutuma kupima batoto. Kulthumu akabakia ku mikeka yenu. Musiniangalie vile! Mukamuambia lala, na mimi nikamuambia lala. Muguu ikavimba, damu ikakwama mu mushipa. Tukatunza muguu, ikapoa, na kansere ikarudi. Ingelirudi hata akitembea? Mama Mwaba anasema hakuna mutu anajua. Lakini munganga alipotaka kumupasua tena, akasema: "Mwili hii haina nguvu ya kupasuliwa." Ile ni kazi yangu.

Na nani alirudi kugonga ku mulango yangu? Ni yeye. Miezi ine, kila asubui, alimushika Kulthumu mukono: kwanza mpaka ku robinet ya mayi, kiisha mpaka ku soko. Juzi munganga akamupima, akakubali. Atamupasua siku ya ine.

Mama Mwaba alipashwa kuenda Lukafu kesho. Nikamuuliza: "Mama, banasema umekatala camion ya kukupeleka kwenu. Unabakia juu ya nini?"

"Juu ya Kulthumu. Weye, Yuma, unanichokeshaka."

Citoyen Directeur, hii barua niko nayo mu mukono inasema ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Nimeweka jina yangu na matricule yangu, namba ya kazi. Naomba uisome hapa, kwa sauti, yeye akisikia. Kama kuko azabu, ni yangu. Aksanti kwenu kwa kunivumilia. Na weye, Mama, hata usiponisamehe, aksanti.