Bima ya Kitanda na Sufuria Yangu

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, hata na sisi tuliochoka.

Mimi ni Rasoa, mke wa Yona, wa hapa Shirere. Mnanijua. Wengine wenu mlipita kwangu mkakataa chai, kwa hiyo mnanijua vizuri sana. Leo sina hasira na mtu. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyoondoa sumu kwenye sufuria yangu, sumu ambayo haikuwamo.

Ndugu zangu, nilipoolewa hapa mama mkwe alinipokea kama binti yake. Mimi ndiye niliyempikia. Obusuma, ule ugali wetu wa wimbi, mboga ya mrenda, samaki wakipatikana. Alikuwa mtu wa kula mpaka alambe vidole. Kisha, miaka michache baada ya Uhuru, umri ukiwa umemwendea, tumbo lake likaanza kuwaka moto. Anakula, na kabla sijaosha vyombo amejikunja kwenye mkeka, ameshika hapa chini ya kifua. Siku moja akatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa.

Baba mkwe alikuwa fundi seremala katika karakana ya serikali mjini, na bima mpya ya hospitali ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara wake. Tulimshukuru Mungu kwa bima hiyo! Mama akalazwa. Daktari akasema ni vidonda vya tumbo, akampa dawa nyeupe, nzito kama uji, na vidonge vya kumeza kabla ya chakula. Akapata nafuu. Akaruhusiwa kwenda nyumbani, na karatasi ya daktari ikasema aendelee na dawa zile zile.

Hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia. Bima ile ililipa kitanda. Ukilala juu ya kitanda, dawa inalipwa. Ukishuka ukavaa viatu, dawa ni juu yako na mfuko wako. Kwenye dirisha la dawa hospitalini walituambia dawa za kwenda nazo nyumbani zimekwisha, na dukani bei yake ilitoa machozi. Tukanunua kichupa kidogo. Kilipokwisha, moto ukarudi. Akalazwa tena, akapona tena. Akarudi nyumbani, kichupa kikaisha, akaanguka tena.

Sasa, ndugu zangu, tazameni jambo hili kwa macho ya jirani. Hospitalini mama ni mzima. Nyumbani ni mgonjwa. Hospitalini anakula chakula cha hospitali. Nyumbani anakula cha Rasoa. Hata mimi ningekuwa jirani ningesema!

Wa kwanza kusema alikuwa wifi yangu Selina, dada ya mume wangu, aliyeolewa upande wa Mukumu. Alisimama mlangoni mwa jiko langu, akakataa kuingia.

"Mama anakulanga vizuri hospitali," akasema. "Ni hapa tu anagonjeka. Wewe unawekanga nini kwa hii chakula?"

Nilichota nikala mbele yake. Akasema bila shaka najua upande wa kuchota.

Maneno yakatembea. Sokoni wanawake walinyamaza nikifika. Watoto wa majirani wakakatazwa kuja kucheza na wangu. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema, akaanza kunusa chakula kabla ya kula. Hilo liliniuma kuliko yote. Nilichoka, ndugu zangu. Nilichoka mpaka nikashindwa kuomba. Nilikuwa nasema "Baba", halafu nakaa tu.

Wazee wa ukoo wakakutana. Wakaamua Selina aje ampikie mama yake, nami nisiguse chochote. Mama akikaa mzima mpaka mavuno, basi mimi ndiye mwenye sumu. Nitarudi kwetu Buyangu, na watoto watabaki. Watoto watabaki!

Mama akatoka hospitalini na kichupa chake, Selina akapika. Mama akala, akacheka, mashavu yakarudi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua nikiwasikia wakila. Ningeombaje? Nikimwombea afya, napoteza watoto wangu. Nikimwombea ugonjwa, nimekuwa kweli yule mchawi waliyemsema. Nikamwambia Mungu, mimi sina maneno, chagua wewe.

Kichupa kikaisha. Haukupita muda, Selina akachinja kuku akampikia mama kwa mkono wake mwenyewe. Nikasikia yowe. Nilikimbia nikamkuta mama amejikunja, na Selina amekumbatia sufuria kana kwamba anataka kuificha. Akanitazama. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena mengi, nimeyapanga muda mrefu. Nikakosa hata nguvu ya kuyasema. Nikashika miguu, yeye akashika mabega, tukampeleka hospitali.

Sauti ya mama iliporudi, wazee walikuwa wamezunguka kitanda.

"Sasa mtasema hata huyu nilizaa ananiua?" akawauliza. "Nyinyi hamuonangi? Dawa ikiisha, naanguka. Rasoa hana makosa."

Mzee mmoja aliyesema sana kwenye kikao aliangalia kofia yake. Aleluya!

Kisha baba mkwe, ambaye huwa hasemi mengi, akamgeukia daktari. "Daktari, hiyo dawa ya nyumbani, hamwezi kumpatia kabla hajavaa viatu? Akiwa bado kwa kitanda?"

Daktari akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaenda ofisini kuuliza. Aliporudi akaandika dawa ya kutosha muda mrefu, mama akiwa amelala pale pale, na bima ikalipa. Tukaondoka na chupa kubwa ndani ya kikapu changu.

Selina hakuniomba msamaha. Alikuja jikoni kwangu, safari hii akaingia, akaketi. "Rasoa, nipatie chai." Nikampa. Akainywa yote, mimi nikageukia moto nikalia.

Ndugu zangu, sitawadanganya. Bima haijabadilika. Bado inalipa kitanda, na wazee wengi wanaungua matumbo majumbani mwao. Chupa zetu zikiisha, tutahangaika tena. Bado nimechoka. Lakini watoto wangu wako pale kwenye benchi la mbele, na mume wangu hanusi tena. Ahsante, Yesu!

Wewe uliyesingiziwa, uliyechoka hata neno la kuomba huna, kaa mbele za Mungu hivyo hivyo. Alinisikia nikiwa kimya. Mtegemee.

Na tukitoka hapa, karibuni nyumbani. Nimepika tangu asubuhi. Mama ameshaonja, akaniagiza niwaambie kimebaki cha kutosha. Njooni mle.